Mapafu ya Kitinda

9 Machi

Kwako mjukuu wangu, mke wangu niliyebaki naye kwa utani,

Mimi babu yako nina miaka themanini na moja na bado natafuna mfupa. Nimeishi kuliko baba yangu na kaka zangu wote, nimeishi kuliko mabwana wakubwa wa machinjio waliosema nitawatangulia, nimeishi kuliko yule fahali mweusi aliyenitoboa ubavu asubuhi nikamla maini jioni. Na sasa, uzee hauna haya, nimeishi kuliko mwanangu wa mwisho.

Salamu kwanza, nisionekane sina adabu. Bibi yako hajambo, ni magoti tu. Mama yako hajambo, anafua, anapika, hanisikilizi. Bati la jikoni liling'oka kwa upepo nikalipigilia mwenyewe, fundi wa nini. Yule kuku wako mwenye upara yupo, hatagi wala hafi, tumefanana.

Najua mama yako amekupigia simu kwamba mjomba wako Kitinda amekufa na tumemzika. Simu ni upepo. Mimi naandika. Herufi nilijifunza kwenye mihuri ya kugonga nyama, na nikishagonga haifutiki.

Ilikuwa asubuhi. Mimi nilikaa mlangoni pa machinjio kama kawaida yangu, kuwakosoa. Kitinda akagombana na kijana mmoja wa mle ndani kwa ajili ya kisu changu, kile cha mpini wa pembe. Wakavutana. Sakafu maji na damu, Kitinda akateleza, kisu kikamwingia paja la kushoto karibu na kinena, kikakata mshipa mkubwa. Mke wangu, nachinja tangu sijaota ndevu, lakini damu ya mtu ikiruka vile sijaona. Iligonga ukuta. Nikatia ngumi yangu ndani ya jeraha mpaka kwenye kifundo, nikausikia mshipa unarukaruka kama chura aliyeshikwa. Lori lilikuwa limejaa ngozi mbichi, halikutaka kuwaka, wakalisukuma huku wanatukanana. Tukamlaza juu ya ngozi. Njia nzima ngumi yangu imo ndani ya mwanangu. Tunafika hospitali midomo yake ni chaki.

Wakamshona. Wakamtia damu za watu. Yangu waliikataa eti nimezeeka, wajinga wale. Kesho yake akafumbua macho akaniambia, "Baba, kisu hakikuniumiza kama hiyo ngumi yako." Tukacheka mpaka muuguzi akanifukuza. Askari walipokuja aliwaambia ameteleza mwenyewe. Yule kijana naye akaja, wakashikana mikono mbele yangu. Yakaisha. Paja lilikuwa kavu, nililinusa kwa pua yangu, halina usaha.

Sasa sikiliza. Aliyekaa naye hospitali ni Fundi Viatu, kaka wa mkewe. Huyo ndiye aliyemnywesha supu kwa kijiko. Baada ya supu pumzi zikaanza kuwa fupi. Siku ya tatu Kitinda alihema kama mbwa aliyekimbizwa, kucha zikawa za bluu, povu la rangi ya waridi likamtoka puani. Alizama, mke wangu. Alizama kitandani, pakavu, mchana kweupe, mimi nimemshika mabega.

Paja liko wapi na mapafu yako wapi? Ng'ombe akivunjika mguu hakohoi. Ile supu ilimpalia, ikaingia njia ya hewa. Na haikuingia yenyewe. Kitinda, Mungu amsamehe, alikuwa anampiga mkewe, na huyu Fundi Viatu alishamwambia mbele za watu, "Shemeji, iko siku." Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Pale kaburini nilimpa fimbo mbili, jino likatoka. Nimeapa mbele ya wanaume wote wa machinjio kwamba aliyemuua Kitinda nitaimwaga damu yake kwa kisu kile kile. Unanijua, sijawahi kurudisha neno. Lakini wapo wanaonong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Kwa hiyo wewe uliyesoma, unayefanya kazi ya kupasua wanyama kwa elimu, niandikie karatasi kwamba supu ikikosea njia huyajaza mapafu maji. Nitaisoma mbele yao wote. Kisha nitafanya kazi yangu.

Babu yako, ambaye bado hajazeeka.


27 Machi

Shikamoo babu,

Salamu nyingi kwako na kwa bibi, mwambie magoti ayakande na maji ya moto asiyaonee haya. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini. Jirani yangu ni dereva wa gari la wagonjwa, anaimba akioga, anaimba vibaya, lakini ni mtu mwema. Mikono imechubuka kwa sabuni ya maabara. Mwambie kuku wangu namkumbuka, na wewe pia mume wangu mwenye wivu.

Mjomba Kitinda alinifundisha kuendesha baiskeli kwa kunisukuma mteremkoni na kukimbia upande wa pili. Nimelia mpaka mkuu wangu wa kazi akanirudisha nyumbani.

Babu, karatasi unayotaka siwezi kuiandika hivi hivi. Nijibu kwanza. Alitoka damu kwa muda gani kabla ya kushonwa? Yaliharibika mapafu yote mawili, au moja? Wakati wa supu alikohoa? Mtu akipaliwa hukohoa pale pale, hangoji kesho.

Na jambo la mwisho. Umeandika "kijana mmoja wa mle ndani". Wewe machinjioni unawajua wote mpaka majina ya mama zao. Ni nani?

Fundi Viatu usimguse tena. Nakuomba kwa heshima, na nikishindwa kwa heshima nitakuomba kwa magoti ya bibi.

Mjukuu wako.


14 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Nimekuuliza swali moja umenirudishia kundi zima. Hivi ndivyo shule inavyomharibu mwanamke mzuri.

Bibi yako anasema asante. Mvua imetupiga, choo kimejaa, nimewaambia wachimbe kingine nami nikasimama juu yao mpaka wakamaliza. Mama yako ana homa ya kuwaza. Mke wa Kitinda amehamia kwa kaka yake huyo huyo Fundi, umeona? Damu inajuana.

Haya majibu yako. Damu alitoka kwa muda wa kuchuna ng'ombe na kumkata vipande vinne, ndiyo, lori lilitutesa. Mapafu ni yote mawili. Niliyaona mimi. Walipompasua kwa ajili ya askari, nilimwambia mhudumu wa mochwari, "Kijana, nimefungua vifua vingi kuliko milango uliyofungua wewe." Akanifunulia shuka. Mapafu mazito kama maini, juu mpaka chini, ukibonyeza maji yanatoka na povu. Mimi mapafu hayo nayajua! Walanguzi huwanywesha ng'ombe maji kwa mpira kabla ya mzani ili wawe wazito, na mpira ukikosea koo, mapafu ndiyo yanakuwa vile. Nimewakamata wengi kwa mapafu tu, wakanilia miguuni. Hakuna aliyezaliwa wa kunifundisha mimi mapafu.

Kukohoa, Fundi anasema hakukohoa. Ulitaka aseme nini?

Ulisema nisimguse. Barua yako ilichelewa, tulishamgusa. Tulimfuata kibandani kwake watu sita. Alikuwa anashona kiatu cha mtoto. Kaka yako Nyundo ndiye aliyetangulia, nami nilijivuna, maana tangu msiba kijana hali wala halali. Alimkaba shingo, akamlaza mkono wa kulia juu ya kile chuma cha kugongea soli, akachukua nyundo ya fundi mwenyewe akaupiga. Mara ya kwanza fundi aliuma midomo. Mara ya pili vidole vikalegea kama soksi. Mara ya tatu tukasikia mifupa inasagika kama karanga. Nyundo alikuwa analia huku anapiga, kamasi zinamtoka, ilibidi tumvute wanne. Nikawaambia wenzangu, tazameni, mjukuu wangu ana uchungu kuliko mimi baba mtu.

Fundi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, kila kijiko nilikipuliza kwanza kipoe." Nikamtemea mate. Sijui kwa nini maneno hayo yananirudia nikila.

Aliyekata achana naye, ni kijana tu. Walishikana mikono.

Leta karatasi. Fundi bado yuko wodini na mkono wake. Akitoka nataka iwe mfukoni mwangu.

Babu yako.


19 Mei

Wewe,

Bibi hajambo. Mama yako hajambo. Kuku amekufa hatimaye.

Mwezi umepita na mwingine umeingia. Nimemtuma mtu stendi kwenye ofisi ya vifurushi mpaka amechoka. Fundi ametoka hospitali, amerudi kibandani, anashona kwa mkono wa kushoto, mshono umepinda kama njia ya mlevi. Wanaume wananitazama. Juzi mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Mzee, kisu kimepata kutu au mwenyewe?" Nilimpiga kwato la ng'ombe kichwani, kashonwa. Lakini swali halikushonwa.

Usipoandika, nitafanya bila karatasi yako. Nakupa mpaka mvua hizi zikatike.

Babu yako.


2 Juni

Shikamoo babu,

Pole kwa kuku. Mpe bibi salamu, na mama mkumbatie hata kama hapendi.

Barua hii nimeiandika na kuichana mpaka mfanyakazi wa usafi ameniuliza kama ninaandika kitabu. Nimechelewa kwa sababu mama aliniambia ulichokataa kuniambia. Aliyemkata mjomba ni kaka yangu. Ni Nyundo.

Ulitaka kunificha nisiumie, nimeelewa. Lakini hukujua umeniuliza nini. Ningekuandikia, "Ndiyo babu, ni supu," Fundi Viatu angekufa na kaka yangu angeishi. Karatasi moja tu. Nimelala na karatasi hiyo kichwani wiki nyingi. Kisha ninakumbuka alikipuliza kila kijiko, nakosa usingizi tena.

Kwa hiyo nakuandikia ninachokijua, na nisichokijua pia nitakwambia.

Unakumbuka nikiwa mdogo ulinipandisha kwenye ndoo ukanionyesha matumbo ya ndama aliyetoka kunyonya? Katika ule utando unaoshikilia utumbo kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele za bibi. Nilikuuliza ni nini, ukasema, "Ni maziwa yamepotea njia." Hayajapotea babu. Ni mishipa. Haibebi damu, inabeba majimaji yanayoitwa limfu, na mnyama akishiba mafuta ya chakula hupita humo yakawa meupe.

Mtu akitoka damu nyingi sana, mwili unakuwa kama nyumba yenye njaa, chakula kidogo wanapewa wanaoonekana muhimu. Moyo unapewa, ubongo unapewa. Utumbo unanyimwa. Unakaa pale bila damu, unaanza kufa pembeni pembeni. Halafu mtu anashonwa, anatiwa damu, anafumbua macho, anacheka. Sisi tunashukuru. Lakini utumbo ulishaumia, na damu ikirudi ndani yake unazidi kuchokozeka. Sumu inayotengenezwa pale haipiti kwa ini kama damu ya utumbo inavyopita ikachujwa. Inapita kwenye zile nyuzi nyeupe. Nyuzi zinakutana, zinakuwa mrija mmoja, unapanda kando ya uti wa mgongo mpaka shingoni upande wa kushoto, unamwaga kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kutoka hapo damu inaingia moyoni, na moyo unaisukuma wapi kwanza? Wewe umefungua vifua vingi, unajua. Mapafuni. Mapafu ndiyo wavu wa kwanza. Yanaungua, yanaanza kuvuja, yanajaa maji yake yenyewe kutoka ndani. Hakuna kilichoingia kwa mdomo.

Hii ndiyo kazi yetu hapa, babu. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ungenicheka. Tunawalaza panya usingizi wa dawa, tunawatoa damu mpaka wanakuwa baridi mkononi, tunangoja, tunawarudishia. Wengine tunaufunga ule mrija mweupe tumboni kabla. Wasiofungwa, mapafu yanalowa. Waliofungwa, mapafu yanabaki makavu, ingawa damu walitoka sawa. Na tulichukua limfu ya panya aliyetolewa damu tukamtia mwenzake ambaye hakutoka hata tone. Mapafu ya huyo mzima nayo yakaharibika. Niliyashika mimi. Ndipo nilipoamini, na sikujua siku moja nitayakuta kwa mjomba wangu.

Sasa nisichokijua. Panya si mtu. Kwa watu, wakubwa wetu wa maabara bado wanabishana, na zipo sababu nyingine zinazoweza kuchangia, hata ile damu ya kuongezewa. Mwili wa mjomba sikuufungua, siwezi kuuapia. Lakini supu ikimpalia mtu hukohoa, na huharibu zaidi upande mmoja, kule chini. Yake yalikuwa yote mawili juu mpaka chini, siku ya tatu, baada ya damu kumwagika vile. Ng'ombe wa walanguzi walikudanganya, babu. Mapafu yanayolowa kutoka nje na yanayolowa kutoka ndani yanafanana mkononi.

Kilichomuua mjomba ni jeraha la paja. Fundi Viatu alimlisha tu.

Umeapa, najua. Na najua mama alivyoniambia, kwamba siku ile kila mmoja alikuwa anapiga kelele, "Babu kanipa mimi," "Baba kanipa mimi." Kisu kimoja, watu wawili. Hilo utajibu mwenyewe. Mimi nakuomba kitu ambacho hujawahi kumpa mtu. Rudisha neno lako. Kaka yangu hakukusudia, na ameshajipiga mwenyewe kwenye mkono wa Fundi. Ndiyo maana alikuwa analia.

Nimeandika ukweli ili mtu mmoja asife. Usiufanye umuue mwingine.

Mjukuu wako.


25 Juni

Mke wangu,

Bibi yako hajambo, hasemi na mimi. Mama yako hajambo, naye hasemi. Bati la jikoni limeng'oka tena. Naandika nimekaa kwenye benchi la hospitali, ndiyo maana herufi zimelala.

Barua yako niliisoma kwa siku nyingi, ni ndefu kama utumbo wenyewe. Sikuiamini. Nikaenda machinjioni, akaletwa ndama aliyenyonya, nikawaambia wote wasogee, huyu ni wangu. Nikamchinja, nikamfungua akiwa bado moto. Nyuzi zilikuwepo. Nikazifuata kwa kidole, nikaupata ule mrija kando ya uti wa mgongo, mwembamba kama utambi, wapasuaji wenu wangetafuta mpaka jioni. Nikapanda nao mpaka shingoni, kushoto, kama ulivyosema. Miaka yangu yote nilikuwa nazikata na kuzitupa ndooni. Nilisimama pale mikono imejaa ndama nikaona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira mimi naijua zaidi.

Nikatuma Fundi Viatu aitwe. Alikuja na mkono wake umefungwa, akasimama karibu na mlango, akidhani tunammaliza. Nikawasomea barua yako yote. Nilisoma mwenyewe, sikumpa mtu. Hata pale ulipoandika "kaka yangu" sikuruka.

Maji yanachuruzika. Yule niliyempiga kwato akasema, "Mzee, basi. Yaishie hapa." Nikamwambia, "Wewe uliuliza kutu. Njoo uione."

Nyundo akavua aproni yake akaiweka chini. Hakukimbia, huyo ni damu yangu. Akasema, "Babu, mimi uliniambia kisu changu. Mjomba naye akasema ulimwambia chake. Ulimpa nani?"

Sikumjibu. Na wewe usiniulize.

Akasema tena, "Jibu kwanza, halafu unikate." Akaanza kunicheka, mjukuu gani anamcheka babu yake mbele za watu, anacheka na machozi, anasema, "Hata hujui! Mzee hata hujui ulimpa nani!" Nikampiga. Kisu kile kile, paja lile lile. Kiliingia kirahisi, nilikinoa mwenyewe.

Damu ikaruka, ikagonga ukuta pale pale ilipogonga ya Kitinda. Tulipaosha lakini napajua. Niliapa kuimwaga nikaimwaga. Sasa mke wangu nikuambie jambo ambalo sijaelewa. Nilitaka kuitia ngumi yangu kama mara ile. Haikuinuka. Nilisimama nimeshika kisu, namtazama mtoto anateleza ukutani, na mikono hii iliyomshinda fahali ikawa kama ya kuazima. Wale wanaume walikimbia, wote, mashujaa wale.

Fundi Viatu ndiye aliyeruka. Alivua mkanda wake wa ngozi, akaupitisha juu ya jeraha, akaufunga fundo kwa meno, akachomoa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea viatu, kwenye mfuko wa shati, akausokota nao mkanda kwa huo mkono mmoja wa kushoto, akasokota mpaka Nyundo akapiga ukelele, na damu ikakatika. Muda wa kupiga chafya mara mbili. Suruali yake ikawa inamshuka, hakujali. Nikamwuliza, "Kwa nini wewe?" Akasema, "Mzee, acha kuongea. Shika mguu."

Nikashika mguu.

Gari safari hii lilikuwepo. Wamemshona. Leo ni siku ya pili. Asubuhi amefumbua macho, akamwona mama yake, akacheka. Cheko lile nalijua. Ndilo linalonitoa jasho.

Kwa hiyo niambie upesi, ule mrija mnaufungaje? Mnaufunga kwa uzi gani? Kabla ya siku ya tatu au hata siku yenyewe? Nimemwambia daktari aufunge, akanitazama kama nimelewa. Nikampa barua yako. Amekaa akaisoma yote, kisha akaniambia kwa upole kwamba mnayochunguza ni ya kweli lakini mtu hafungwi hivyo, si panya, na kwamba kazi yake sasa ni kumtazama pumzi na kungoja. Kungoja! Mimi nijifunze kungoja na miaka hii?

Mama yako amenipa simu yake bila kunitazama. Nimebonyeza palipo jina lako. Ikaita, ikaita, halafu nikasikia sauti yako inasema haloo. Sikujua pa kuanzia. Nikaizima. Ndiyo nikaomba kalamu.

Barua haitafika kabla ya siku ya tatu, hilo nalijua, usidhani nimekuwa mjinga. Naandika tu.


28 Juni

Sijaituma ile ya juu. Naongeza hapa hapa.

Siku ya tatu iliingia na kutoka. Nilikaa nimeweka sikio kifuani pake mpaka muuguzi akasema, "Babu, mpe nafasi aheme." Nikamwambia, "Mimi nimesikiliza vifua kabla mama yako hajazaliwa." Pakavu. Kucha zake ni za rangi yake. Leo ameomba chakula, akasema supu hataki. Amekonda, mguu hauwezi bado, lakini anahema kama mtu aliyelala. Daktari anasema damu aliyopoteza ni kidogo, kwa sababu alifungwa mapema, na utumbo haukufika kwenye njaa. Kitinda alitoka damu kwa muda wa kuchuna ng'ombe mzima. Huyu alitoka kwa chafya mbili. Tofauti yao ni mkanda.

Askari yuko mlangoni pa wodi, ni mtoto wa watu, ameniachia nimalize kuandika. Sikumwambia kwamba nimeteleza wala kwamba Nyundo ameteleza. Kisu wamekichukua wakakitia kwenye mfuko wa nailoni, mpini wa pembe umechomoza kama kwato. Sasa hakuna wa kukirithi, sawa sawa.

Nilimnyooshea Fundi Viatu mkono wangu, mbele ya mama yako na mbele ya mjane wa Kitinda. Akautazama. Akasema hana mkono wa kupeana. Ni kweli, hana, umefungwa. Nikaurudisha mfukoni. Mkanda wake umebaki hapa chini ya kitanda, umekauka damu, mwambie mama yako aufue asiutupe.

Sikurudisha neno langu, mke wangu. Sikuweza. Lakini sasa ninalo, linanikaa kooni kama kitu kilichonipalia.

Ukitaka kujua kama niliyoandika ni kweli, usimwulize kaka yako, baada ya ule ukelele alizimia. Usiwaulize wanaume wa machinjio, walikwisha kimbia. Daktari alikuta mguu umeshafungwa. Muulize Fundi Viatu. Alikuwepo kwenye supu, alikuwepo kwenye damu, na mara zote mbili alisema kweli.

Babu yako.